Kabati, Ufunguo na Mkutubi: Vitabu vya Watoto katika Handeni na Korogwe

Historia ya vitabu vya watoto katika wilaya za Handeni na Korogwe, inapoandikwa, huandikwa kama historia ya uhaba: vitabu ni vichache, barabara ni mbovu, wazazi ni maskini, mvua ni haba. Hayo yote ni kweli, na hakuna anayeifahamu nyika ya Uzigua atakayeyapinga. Lakini uhaba peke yake hauelezi kwa nini, katika vipindi ambavyo vitabu vilifika, viliishia stoo au kwenye kabati lililofungwa katika ofisi ya mwalimu mkuu. Hoja ya makala haya ni kwamba kilichopungua kwa muda mrefu zaidi ya karatasi na wino ni mtu: yule ambaye ajira yake, na si hisani yake, ni kukijua kitabu, kumjua mtoto, na kuwakutanisha. Mtu huyo ni mkutubi wa shule. Wilaya hizi mbili zimepata walimu wa misheni, wachapaji, maofisa wa elimu ya watu wazima, wafadhili na waandishi, na kila mmoja wao alibeba kipande cha kazi hiyo. Kazi nzima haikupewa mtu. Ndiyo maana anayetaka kuandika wasifu wa mwanzilishi wa ukutubi wa watoto huku hulazimika kuukusanya kutoka kwa watu wengi na kutoka miji mingine, hadi afike kwa mwanamke mmoja wa Kilimanjaro ambaye alisomea ukutubi na akaumalizia katika uchapishaji.

Tuanze na reli, kwa sababu vitabu navyo ni mizigo. Njia iliyoanzia Tanga ilifika Korogwe mwaka 1902, ikasonga Mombo na hatimaye Moshi. Korogwe, mji wa kando ya mto Ruvu ambao wengine huuita Pangani, ukawa kituo cha mkonge, cha wafanyakazi wa kuhamahama, cha barua na magazeti. Handeni ilibaki kusini, mbali na reli, ikitegemea njia ya miguu na baadaye barabara. Tofauti hiyo haijafutika. Karibu kila taasisi ya maandishi utakayoikuta katika historia ya eneo hili, iwe chuo cha ualimu au tawi la maktaba, utaikuta kwanza upande wa Korogwe. Ni rahisi kuilaumu jiografia kwa hili. Lakini reli ilileta vitabu mpaka stesheni tu. Kutoka stesheni hadi mkononi mwa mtoto palihitajika mtu.

Na watu hao walikuwapo. Misheni ya Kianglikana ya UMCA, iliyokuwa na kituo chake kikubwa Magila katika nchi ya Bonde, ilikuwa na kiwanda cha kuchapia na gazeti lake la Kiswahili, Habari za Mwezi. Shule ya serikali ya Kijerumani mjini Tanga ilikuwa na mtambo wake, na kutoka kwenye mtambo huo, kuanzia mwaka 1904, lilitoka gazeti la Kiongozi, ambalo vijana wa shule wenyewe walishiriki kulipanga na kulichapa. Jambo hili halipewi uzito unaostahili. Mwanzoni mwa karne ya 20, katika ukanda huu, mwanafunzi hakuwa mlaji tu wa maandishi. Alikuwa fundi wake. Magila ndiko pia kulikochapwa, kwa mafungu kati ya mwaka 1895 na 1907, Habari za Wakilindi za Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy, kitabu kinachosimulia jinsi Mbegha, mwindaji wa Nguu, alivyoihama nchi yake na kuwa mtawala wa Usambara. Nguu ni milima ambayo kwa miongo mingi ilihesabiwa ndani ya Handeni, na leo imo katika wilaya ya Kilindi iliyomegwa kutoka Handeni mwaka 2002. Kwa maneno mengine, hadithi kubwa kuliko zote za nchi hii ilikwisha kuanza kuandikwa kwa Kiswahili na kupigwa chapa mwendo wa siku chache kutoka Korogwe kabla treni ya kwanza haijafika mjini hapo.

Mtu aliyesimama kati ya maandishi hayo na watoto alikuwa mwalimu wa misheni. Padri Samuel Sehoza, ambaye kitabu chake Mwaka Katika Minyororo kilitoka mwaka 1921 kikieleza masaibu ya walimu na makasisi wa UMCA waliofungwa na Wajerumani wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, anatoka katika tabaka hilo la wasomi wa vijijini waliofundisha, waliosoma kwa sauti, walioandika na kuazimisha. Atatokea wa kupinga kwamba walimu hawa walikuwa wakieneza dini, si fasihi ya watoto, na kwamba shule zao ziliwafikia wachache huku watoto wa Kiislamu, ambao ni wengi katika Uzigua, wakibaki chuoni kwa walimu wao wa Kurani. Pingamizi hili ni zito. Halivunji hoja, ila linaionyesha kwa upande wa pili: chuo cha Kurani nacho kilifaulu kufundisha herufi kwa vizazi vingi kwa sababu kilikuwa na mtu mmoja aliyewajibika kwa kila mtoto na kila sura. Si misheni wala chuo kilichotarajia msahafu au kitabu kijitembeze chenyewe.

Waingereza walileta wingi wa maandishi, na kwa namna fulani wakapunguza ukaribu wake. Mambo Leo lilianza Januari 1923 chini ya Idara ya Elimu. Kufikia mwaka 1929 Frederick Johnson, aliyekuja kuwa katibu wa Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930, alikwisha kutoa Mashimo ya Mfalme Sulemani na Kisiwa chenye Hazina. Watoto wa shule wa Tanganyika wakapata maharamia, ramani na almasi kabla hawajapata Mbegha wa kwao katika umbo la kusomeka na mtoto. Sisemi kwamba maharamia ni wabaya. Hadithi nzuri ni nzuri, na kizazi kizima cha wasomaji kilinoa Kiswahili chake humo. Ila uamuzi wa kipi kimfikie mtoto wa Handeni ulihamia ofisini, kwa watu ambao hawakuwa na sababu ya kujua kwamba kuna shujaa aliyezaliwa milimani huko, ambaye meno yake ya juu yalitangulia kuota, wakamwita kigego, wakamwogopa, akaondoka na mbwa wake kuwinda nguruwe na kuwagawia watu nyama. Ukitafuta mwanzo mzuri wa kitabu cha watoto, huo hapo.

Mwaka 1948 ilianzishwa Ofisi ya Fasihi ya Afrika Mashariki, Nairobi, chini ya Charles Richards, na pamoja na kuchapisha ikaanza huduma ya masanduku ya vitabu na maktaba ya posta. Sanduku lilipelekwa mahali, likakaa, likabadilishwa. Ni utaratibu wa werevu kwa nchi kubwa yenye barabara chache, na Sidney Hockey, aliyeandaa mwaka 1960 ripoti ya maendeleo ya maktaba katika Afrika Mashariki, aliuona kama ngazi ya kupandia kwenda kwenye huduma kamili za kitaifa. Sanduku lilihitaji mpokeaji wa kujitolea, mara nyingi mwalimu. Alipohamishwa mwalimu, sanduku lilibaki yatima. Mwaka 1962 ofisi hiyohiyo ilitoa upya Habari za Wakilindi kwa uhariri wa J. W. T. Allen, tendo kubwa la kuokoa urithi. Lakini ilikuwa chapa ya wasomi. Hakuna aliyeajiriwa kuibeba hatua iliyobaki, ya kuifanya hadithi ya darasa la nne.

Uhuru uliikuta kazi ikiwa hapo, na taifa jipya likaishika kwa bidii ambayo leo tunaisahau. Sheria Namba 39 ya mwaka 1963 iliunda Bodi ya Huduma za Maktaba Tanganyika. Max Broome akawa mkurugenzi wake wa kwanza. Maktaba Kuu ya Dar es Salaam ikafunguliwa na Rais Nyerere tarehe 9 Desemba 1967. Na kufikia mwaka 1970 uongozi ukawa mikononi mwa Mtanzania, Ezekiel Kaungamno, ambaye baadaye, pamoja na C. S. Ilomo, aliandika kazi ya juzuu mbili juu ya vitabu na ujenzi wa mataifa. Wakutubi walisomea Makerere, kwenye shule ya ukutubi ya Afrika Mashariki iliyoanzishwa mwaka 1963. Mtandao ukatandazwa mikoani: Tanga ilikuwa na jengo lake la tangu enzi za Waingereza, na Korogwe ikapata tawi. Handeni ilitegemea masalia ya mtandao huo, magari na masanduku, na magari ya maktaba ndiyo ya kwanza kufa nchi inapokosa mafuta na vipuri, kama ilivyokosa baada ya mwaka 1979. Na hata pale Korogwe, tawi la maktaba ya umma si maktaba ya shule. Mtoto wa Mombo au Magoma hawezi kwenda mjini kuazima kitabu jioni na kukirudisha kesho. Bodi ilikuwa na wajibu wa kuzisaidia shule, lakini ilikuwa taasisi ya kitaifa yenye wakutubi wachache, na shule za msingi zilikuwa maelfu.

Hapa ndipo hujitokeza pingamizi kubwa kuliko yote, nalo lafaa kujibiwa kwa urefu. Husemwa kwamba Handeni ni nchi ya njaa. James Giblin ameonyesha katika utafiti wake juu ya kaskazini mashariki mwa Tanzania jinsi ukame, magonjwa ya mifugo na siasa za ukoloni zilivyouvunja uwezo wa jamii za Uzigua kujikinga na njaa, na Michaela von Freyhold, aliyechunguza vijiji vya ujamaa vya mkoa wa Tanga katika miaka ya 1970, hakuficha ugumu wa maisha aliyoyakuta. Nani atajishughulisha na hadithi za watoto wakati ghala ni tupu? Swali hili lina sura ya busara, lakini historia imekwisha kulijibu. Miaka ileile ya ukame, ya kuhamishiwa vijijini na ya uhaba, nchi iliendesha kampeni ya kusoma na kuandika ambayo kwa hesabu za serikali ilishusha idadi ya watu wazima wasiojua kusoma kutoka takriban asilimia 67 mwaka 1967 hadi 39 mwaka 1975 na 27 mwaka 1977. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliwaweka watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio na kusoma kijitabu pamoja. Hesabu za serikali zinaweza kutiliwa shaka hapa na pale, ila mwelekeo wake hauna ubishi. Watu hawa hawakuwa wameshiba kuliko wa leo. Walichokuwa nacho ni waratibu: kila wilaya, kila tarafa, kila kisomo kilikuwa na mtu aliyeulizwa darasa lako limefikia wapi. Mtu mzima wa Handeni alipewa mratibu. Mtoto wake hakupewa mkutubi.

Badala yake mtoto alipewa dawati, na wakati mwingine hilo pia halikupatikana. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka kila mtoto awe shuleni kufikia mwaka 1977, na shule zikajaa. Walimu wa UPE (elimu ya msingi kwa wote), vijana waliomaliza darasa la saba na kufunzwa kazini, walibeba mzigo ambao haukuwa saizi yao. Kuwadai wawe pia walinzi wa fasihi ya watoto kungekuwa kejeli. Mfululizo wa Tujifunze Lugha Yetu ukawa, kwa watoto wengi, kitabu cha kiada na hadithi na maktaba kwa pamoja. Yeyote aliyesoma enzi hizo anaweza bado kusimulia habari za humo, na hilo lenyewe ni ushahidi: hamu ilikuwapo kiasi kwamba kitabu cha mazoezi ya lugha kilisomwa kama riwaya.

Ndipo tunapofika kwa Elieshi Lema. Alizaliwa mwaka 1949 Nronga, Kilimanjaro. Alisomea ukutubi, na baadaye akapata shahada ya uzamili ya uandishi wa kubuni katika Chuo Kikuu cha Jimbo la San Francisco, Marekani. Wengi humjua kwa riwaya yake ya Kiingereza ya mwaka 2001, Parched Earth, iliyotajwa kwa heshima katika Tuzo ya Noma. Kwa makala haya riwaya hiyo ni ya pembeni. Kinachotuhusu ni mwelekeo wa maisha yake ya kazi: mkutubi anayegundua kwamba rafu ya watoto ni tupu, na kwamba utupu huo hautokani na mpangilio mbaya bali na kutokuwapo vitabu vya kupanga. Afanye nini? Anaweza kuendelea kupanga vichache vilivyopo, au anaweza kwenda kwenye chanzo cha mto, yaani uandishi na uchapishaji. Lema alikwenda kwenye chanzo. Mwishoni mwa miaka ya 1980 yeye na Demere Kitunga walianzisha kampuni ya uchapishaji ya E&D, na yeye mwenyewe akaandika vitabu vya watoto, Safari ya Prospa na Mwendo vikiwamo. Wanawake wawili kuanzisha kampuni ya vitabu wakati uchapishaji wa shule ulikuwa bado mikononi mwa mashirika ya umma halikuwa jambo jepesi, na lilitangulia sera ya mwaka 1991 iliyofungua mlango kwa wachapishaji binafsi.

Mwaka huohuo wa 1991 ulianza Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, kwa msaada wa shirika la CODE la Kanada na wafadhili wengine. Utaratibu wake ulikuwa rahisi, na kwa maoni yangu ulikuwa uvumbuzi muhimu kuliko wote katika historia ya fasihi ya watoto nchini. Mswada ukipita, mchapishaji alichapa kwa kawaida nakala 5,000. Mradi ulinunua 3,000 na kuzigawa shuleni na kwenye maktaba. Nakala zilizobaki mchapishaji aliuza mwenyewe. Kwa hiyo hasara ya kuthubutu kuchapa kitabu cha Kiswahili cha watoto iliondolewa mabegani mwa mchapishaji mdogo. Vichwa vya vitabu vilivyotoka kwa njia hii vilipita 200. Waandishi walifunzwa, wachoraji walifunzwa, wahariri walifunzwa. Na waendeshaji wa mradi waliona baada ya miaka michache kwamba vitabu vilivyogawiwa havikuwa vinasomwa kiasi cha kutosha, wakaongeza programu ya usomaji na mafunzo kwa walimu. Sioni ushahidi ulio wazi zaidi wa hoja yangu kuliko huo. Watu waliofaulu kutatua tatizo la ugavi ndio waliokuwa wa kwanza kugundua kwamba ugavi si mwisho wa safari.

Msomaji wa Handeni anaweza kuuliza: Mchaga aliyefanyia kazi Dar es Salaam anahusianaje na sisi? Ni swali la haki. Jibu moja ni kwamba vitabu vya Kiswahili havina kabila. Lakini kuna jibu la pili lisilopendeza sana: kukosekana kwa mtu wa aina yake katika Korogwe au Handeni si sadfa. Kisumu, ambayo nayo si mji mkuu, ilimpata Asenath Bole Odaga, aliyeandika hadithi za watoto, akatunga mwaka 1985 kitabu cha uchambuzi wa fasihi ya watoto na vijana wa Kenya, na akaendesha uchapishaji na duka la vitabu hukohuko. New York ilimpata mkutubi wa watoto Anne Carroll Moore kwa sababu maktaba ya umma ya jiji hilo mwaka 1906 ilikuwa na idara ya watoto ya kumkabidhi. Vipaji huzaliwa popote. Mwanzilishi huonekana pale ambapo kuna nafasi ya kuanzishia. Korogwe ina chuo cha ualimu kilichotoa walimu kwa miongo mingi. Bila shaka miongoni mwao walikuwamo waliopenda hadithi kuliko hesabu. Walipangiwa vituo wakafundishe masomo, na mapenzi yao kwa vitabu yakaishia kuwa kazi ya ziada ya mwalimu wa zamu.

Wako pia wanaosema kwamba mtoto wa Kizigua au Kisambaa hahitaji mkutubi kwa kuwa ana bibi. Hadithi za sungura na fisi hazihitaji karatasi. Hoja hii husemwa kwa nia njema, mara nyingi na watu ambao watoto wao wana rafu ya vitabu sebuleni. Masimulizi ya mdomo ni hazina, na mwanahistoria Steven Feierman asingeweza kuandika juu ya ufalme wa Washambaa bila wazee waliomsimulia. Lakini Abdallah bin Hemedi aliona mapema kuliko wote kwamba masimulizi na maandishi si maadui: aliyachukua ya mdomoni akayatia kwenye ukurasa, na ukurasa huo ndio uliovuka miaka zaidi ya mia moja hadi kutufikia. Isitoshe, bibi wa leo mara nyingi yuko kijijini na mjukuu yuko mjini Korogwe au Mkata, kwenye chumba cha kupanga. Simu ya mzazi imechukua sehemu ya nafasi yake, na vipindi vya katuni vya Kiswahili kama Ubongo Kids, vilivyoanza mwaka 2014, vimefanya kazi ya maana. Hata hivyo skrini haimjui mtoto aliyekwama kwenye silabi za mwambatano.

Wizara, kwa upande wake, hujibu kwamba vitabu vya kiada vitangulie. Ruzuku ya dola 10 kwa mwanafunzi iliyokuja na Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM) mwaka 2002 ilielekezwa kwa kiasi kikubwa huko, na tangu serikali iliporudisha kazi ya vitabu vya kiada kwenye Taasisi ya Elimu Tanzania mkazo umebaki kwenye uwiano wa kitabu kwa mwanafunzi. Lakini tafiti za mpango wa Uwezo wa kupima usomaji wa watoto, zilizoanza mwaka 2010, zilikuta kwamba takriban mtoto mmoja tu kati ya watatu wa darasa la tatu aliweza kusoma hadithi ya kiwango cha darasa la pili. Kilichopimwa ni hadithi, si zoezi. Mtoto asiyewahi kusoma hadithi nje ya somo amepimwa kwa kitu ambacho shule haikumpa nafasi ya kukizoea, na programu ya KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu), pamoja na mema yake yote, humfundisha kusoma bila kumhakikishia cha kusoma akishajua.

Chuo cha ukutubi cha Bagamoyo kimekuwa kikitoa wahitimu wa cheti na stashahada tangu mwaka 1989. Haingehitaji sheria mpya kumweka mmoja wao katika kila kata ya Handeni na Korogwe, akizunguka shule zake kwa pikipiki kama azungukavyo mratibu elimu kata, akiwa na orodha ya vitabu, tarehe za kuazimisha na kurudisha, na funguo za makabati. Ingehitaji mstari mmoja katika ikama ya halmashauri, na mkurugenzi atakayeutetea wakati wa bajeti mbele ya madiwani wenye madarasa yasiyoezekwa. Utetezi huo utakuwa mgumu, kwa sababu darasa lisiloezekwa huonekana kutoka barabarani na kabati lililofungwa halionekani.